Nikiacha kulipa, picha zangu zinaenda wapi?

SWALI: Mhariri mambo vipi. Mimi napiga picha kwa hobi tu, ndege na maua, siuzi hata moja. Miaka yote natumia Photoshop Elements, programu ya kuediti picha, unalipa mara moja basi, sasa nimeingia kununua toleo jipya nakuta leseni ni ya miaka mitatu. Yaani natoa hela yote halafu baada ya miaka mitatu inajizima? Huu si wizi huu?
*Mpiga ndege*

JIBU: Poa ndugu yangu. Wizi siwezi kuita maana wameandika wenyewe hapo hapo kwenye ukurasa wa kununua, ila hasira zako nazielewa na hauko peke yako, kila kundi la wapiga picha wa hobi wamelalamika. Iko hivi, kuanzia Elements 2025 iliyotoka Oktoba 2024, Adobe, kampuni inayoitengeneza, waliacha kuuza ile leseni isiyoisha, wakaweka ya miaka 3. Haijirudii yenyewe wala haikati kadi yako kila mwezi, ikiisha imeisha. Ile Editor inafungwa, Organizer inabaki wazi kwa hiyo picha zako utaziona na kuzipanga kama kawaida, lakini kuziediti ndo basi mpaka ununue tena.

Mimi kinachonikera sio hela. Kinachonikera ni kwamba saa inahesabu hata ukiwa umelala. Mtu wa studio anaifungua programu kila siku, na hela inarudi kwa wateja. Wewe wa hobi unaweza ukapiga picha mfululizo wiki mbili halafu kamera ikakaa kwenye begi miezi minne, na hiyo miezi minne umeilipia. Ndo maana kelele nyingi zinatoka kwa watu wa hobi kuliko wanaofanya kama kazi, na nadhani wana haki.

Kama unalo toleo la zamani, la kabla ya 2025, usilifute!! Leseni yake haina mwisho, litaendelea mpaka siku kompyuta yenyewe au mfumo wake utakapolikataa. Kwa kuondoa waya kwenye picha ya ndege au kukata picha vizuri huhitaji toleo jipya, niamini.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu, picha zangu za miaka mingi ziko Lightroom, ile programu ya Adobe ya kupanga na kuediti picha, na nalipia kila mwezi. Sasa nataka kuacha kulipa. Wajukuu wananiambia nikiacha zitafutika zote. Ni kweli?
*Babu wa kamera*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hapana hazifutiki, ila inategemea ni Lightroom ipi maana ziko mbili na majina yanachanganya kila mtu.

Kama ni Lightroom Classic, picha zenyewe ziko kwenye diski yako, programu haijazimeza. Ukiacha kulipa bado itafunguka, utatafuta picha, utaziangalia, utazitoa kama JPEG, hata kuprinti. Kinachofungwa ni Develop, yaani pale pa kuvuta vile vislaida vya mwanga na rangi, pamoja na ramani. Kama ni ile Lightroom nyingine inayohifadhi picha mtandaoni, hapo mzee pakua picha zako asilia zote ndo usitishe malipo, usisubiri tarehe ikaribie.

Ila angalia na mkataba wako kwanza. Kuna mpango unaokatwa kila mwezi lakini kumbe umesaini mwaka mzima, ukitoka katikati wanakudai ada ya kuvunja. Mwezi Juni 2024 serikali ya Marekani kupitia FTC, taasisi yao ya kulinda wateja, iliwapeleka Adobe mahakamani kwa madai kwamba ada hiyo ilifichwa, kwa hiyo ukiona hukuijua usijilaumu sana.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui, na hapa naomba unisome taratibu. Ulipoongeza mwanga kwenye picha, Lightroom haikuigusa picha. Iliandika maelekezo pembeni, kwenye katalogi, yaani daftari lake la kumbukumbu. Ukitaka kuyaona kwa macho yako, kwenye Classic chagua picha moja ya RAW, yaani faili ghafi kama lilivyotoka kwenye kamera, bonyeza Ctrl na S, halafu nenda kwenye folda yake utakuta kafaili kadogo kenye jina lile lile ila mwisho ni .xmp. Kafungue kwa Notepad. Ndani ni maandishi tu, mstari mmoja utasema kitu kama crs:Exposure2012="+0.35". Hiyo ndo kazi yako yote ya jioni nzima, mzee, namba. Programu nyingine zitasoma nyota ulizotoa na maelezo uliyoandika, lakini ile +0.35 kila moja inaitafsiri kivyake au inaipita tu, rangi hazitatoka kama ulivyoziacha.

Kwa hiyo kabla hujaacha kulipa, zile picha unazozipenda kweli zitoe kama TIFF ya biti 16, ni faili kubwa lakini inafunguka popote. Zilizobaki JPEG ya ubora wa juu inatosha. Na RAW zenyewe zitunze sehemu mbili, hilo hata ukiendelea kulipa ufanye.

SWALI: Kuna programu ya bure ambayo haitanigeuka baadae?

JIBU: darktable na RawTherapee kwa faili za RAW, GIMP kwa kuunganisha picha na kufuta vitu. Hizi msimbo wake, yaani maandishi yaliyoitengeneza programu, uko wazi kwa kila mtu, hakuna wa kuufunga kesho. GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025, na sasa filta unaweza kuiweka halafu ukarudi kuibadilisha baadae, wale waliokuwa wanaisema vibaya miaka yote waijaribu tena. darktable ni ngumu mwanzoni sitakudanganya, vitufe kibao, wiki ya kwanza utaichukia.

Affinity nayo imekuwa bure tangu Oktoba 2025, ni nzuri sana, ila ni ya kampuni ya Canva na inataka uwe na akaunti yao. Itumie tu, mi pia naipenda, lakini usiweke kila kitu kwenye fomati yake peke yake. Na usisahau programu ya waliotengeneza kamera yako, Canon wana Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio, zote bure na rangi zake ndo zile zile unazoziona nyuma ya kamera.

SWALI: Vipi kraki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli?

JIBU: Hapana. Unampa mtu usiyemjua kompyuta yenye picha zako zote ili ukwepe kulipa.

SWALI: Mimi nilinunua Lightroom 6 zamani nikajua nimemaliza. Juzi nimepata kamera mpya, RAW zake hazifunguki kabisa, JPEG zinafunguka. Ndo wananilazimisha nikodi?
*Mkaidi*

JIBU: Mkaidi mwenzangu, Lightroom 6 ilitoka 2015 ndo ilikuwa ya mwisho kuuzwa moja kwa moja, na apudeti zake zikakoma mwishoni mwa 2017. Kamera iliyotoka baada ya hapo haiijui, kila kamera mpya ina RAW yake. Ila dawa ipo na ni bure, pakua Adobe DNG Converter, ipe folda nzima ya RAW igeuze kuwa DNG, aina ya RAW ya Adobe isiyofungwa na kamera moja, halafu hizo DNG ndo uziingize Lightroom 6. Kwa picha mia kadhaa iache ifanye kazi ukafanye mengine. RAW za mwanzo usizifute, na kwenye settings angalia sehemu ya compatibility uchague toleo la zamani, ukiacha lile jipya kabisa Lightroom yako inaweza ikazikataa tena.