Mpini Hauna Kesi, Kesi Iko Kwenye Makali

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: mtu akinunua kisu cha jikoni kilichofuliwa kwa mkono, kisha akakibadilisha sana, akakitia mpini mpya, akakikata umbo jipya, akakipunguza unene, je, bado ni kisu kile kile alichokitoa mhunzi? Mimi hunoa na kutengeneza visu vya watu, kwa hiyo swali hili hunifikia mara kwa mara, na huwa sina budi kulijibu kabla sijashika jiwe. Jibu langu ni kwamba kisu hubaki cha mhunzi wake maadamu makali yake yanasimama juu ya chuma alichokitia ugumu yeye kwa moto wake. Mengine yote yanaweza kuondoka. Hilo likiondoka, kilichobaki ni chuma chenye umbo la kisu na jina la mtu ubavuni.

Najua wapo watakaoleta kisa cha meli ya Theseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, anachokisimulia mwandishi wa kale Plutarch, ile iliyokuwa ikiondolewa mbao zilizooza na kutiwa mpya. Ni kisa kizuri, ila hakikai kwenye kisu. Meli huongezewa mbao. Bapa la kisu haliongezewi kitu, hupungua tu. Kila anayeligusa kwa jiwe, kwa tupa au kwa mashine anaondoa, na kilichoondoka hakirudi. Kwa hiyo la kuuliza ni hili: katika hicho kilichosalia, kazi iliyomo ni ya nani?

Mpini tuumalize upesi, maana ndio unaowashughulisha watu zaidi na ndio wenye uzito mdogo kabisa. Visu vya jadi vya Kijapani, ambavyo ndivyo vinavyonunuliwa sana na wapenda visu vya mkono, huundwa ili mpini uweze kubadilishwa. Msuka, yaani mkia wa chuma wa bapa, huchomekwa ndani ya mbao, mara nyingi pamoja na noleo, pete ya pembe ya nyati, pale bapa linapoingia, na mbao ikioza au ikipasuka hutolewa ikaingizwa nyingine. Katika mji wa Sakai huko Japani, unaojulikana kwa visu kwa karne nyingi, kazi yenyewe imegawanywa: mmoja hufua, mwingine hunoa na kuyapa makali umbo lake, mwingine hutia mpini. Sasa ukibadilisha mpini umemwondolea nini mhunzi? Huenda hata hakuwahi kuushika.

Moto ndio wa kukaa nao. Chuma cha kisu kinachoshika makali kina kaboni, aghalabu kati ya asilimia 0.6 na zaidi kidogo ya 1. Mhunzi akimaliza kukifua na kukiacha kipoe polepole, huwa laini, tupa inakila bila shida. Hapo hukirudisha motoni mpaka kivuke kiasi cha nyuzi 770 za Selsiasi, pale sumaku inapoacha kukivuta, akakipandisha juu kidogo tena, kisha akakizamisha ghafla kwenye maji au mafuta. Kikitoka humo ni kigumu hata kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika. Ndipo hukipasha tena kwa joto dogo, nyuzi 150 hadi 200 na kitu, kwa saa moja au mbili, akipunguza ugumu ili apate ustahimilivu. Apunguze kiasi gani? Hapo ndipo pana yeye mwenyewe. Kisu cha kukatia minofu ya samaki kinaweza kuachwa kigumu sana kwa sababu hakitakutana na mfupa. Kisu cha kazi zote lazima kivumilie kugongwa kwenye ubao wa kukatia siku nzima. Visu viwili vya chuma kimoja na umbo moja vinaweza kutoka kwa wahunzi wawili, kimoja makali yake yakapinda na kingine yakamegeka, na tofauti yote iko katika dakika zile ambazo mnunuzi hakuziona.

Mpishi mmoja aliniletea kisu ambacho kwa macho ungeapa hakijaguswa. Mpini wake wa asili, chapa ya mhunzi inasomeka vizuri ubavuni, mgongo umenyooka. Alisema tu kwamba hakishiki makali tangu kiliponolewa kwa mashine mahali fulani. Nilikigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na karibu na ncha nikaona utepe mwembamba wa buluu, ukififia kuwa zambarau, kisha ukaishia kwenye umanjano wa nyasi kavu. Rangi hizo ni kipimajoto ambacho chuma hujiandikia chenyewe. Umanjano huja kwenye nyuzi 220 hivi, zambarau karibu na 280, buluu karibu na 300. Yaani pale nchani joto lilipita mbali lile alilolichagua mhunzi, na ugumu aliouacha ukatoka. Kwa mashine kavu hili halichukui muda, kwa kuwa makali ni membamba na joto halina pa kukimbilia. Sekunde chache zinatosha. Nikapitisha tupa. Kwenye kisigino iliteleza ikitoa mlio mwembamba, haikushika kitu. Kwenye ncha iling'ata, na vumbi la chuma likabaki katika meno yake.

Kisu kile, ambacho sura yake ilikuwa nzima kabisa, kilikuwa tayari nusu si cha mhunzi wake. Tulikubaliana na mwenyewe niiondoe sehemu yote iliyoungua, kwa jiwe na maji, hadi nifike kwenye chuma kizima. Ncha ikarudi nyuma, mkunjo wa tumbo la kisu ukabadilika, kikawa kifupi. Ukikiweka kando ya picha yake ya zamani utasema kimegeuzwa. Lakini tupa sasa iliteleza mwanzo hadi mwisho, na makali yakashika. Kwa maoni yangu kubadilishwa umbo ndiko kulikokirudisha kuwa kisu cha yule mhunzi.

Mtu asidhani hii ni hoja ya wanoaji wa jikoni tu. Wajapani walikabiliana nayo zamani kwenye panga zao, na waliyoamua yanafundisha sana. Upanga mrefu wa kale ulipohitajika uwe mfupi, ulikatwa kutoka upande wa msuka, ukasogezwa juu, na ncha ikaachwa kama ilivyo. Saini ya mfua panga huchongwa kwenye msuka, kwa hiyo kwa kukata huko mara nyingi saini ndiyo iliyopotea. Wakati mwingine waliikata kipande na kuipachika upya, au waliukunja msuka ili saini isalie. Mara nyingi waliiacha iende. Tazama walichokiona cha thamani zaidi: kati ya jina la mtu na chuma alichokitia ugumu, walitoa jina. Upanga uliokatwa hivyo uliendelea kuhesabiwa kuwa wa bwana fulani, kwa sababu mabingwa waliisoma kazi yake kwenye mstari wa ugumu kandokando ya makali. Upanga uliounguzwa katika moto wa nyumba kisha ukatiwa ugumu upya na mtu mwingine, hata saini yake ikiwepo, huhesabiwa kuwa umepoteza sehemu kubwa ya thamani yake kama kazi ya bwana wa kwanza.

Upo upanga mmoja unaonisumbua, na sitaki kuuruka kwa sababu unagusa hoja yangu. Ni ule uliofuliwa na Samonji, mfua panga wa kale, aliokuwa nao mbabe wa vita Imagawa Yoshimoto alipouawa katika vita vya Okehazama mwaka 1560. Oda Nobunaga, aliyemshinda, aliutwaa, akaufupisha, na kwenye msuka akaandikisha kwa dhahabu siku ile na jinsi alivyoupata. Baadaye uliungua katika moto mkubwa wa Meireki wa mwaka 1657 ulioteketeza Edo, Tokyo ya leo, ukatiwa ugumu upya. Umefupishwa, moto wake wa kwanza umetoka, na bado ni upanga wa Samonji, mali ya hekalu moja la Kyoto na urithi unaolindwa na taifa. Je, hapo nimeshindwa?

Sidhani. Upanga ule unashikilia jina lake kwa safari yake, kwa mikono uliyopitia. Hiyo ni nasaba ya kitu, nayo ni ya kweli kabisa. Binti aliyerithi kisu cha mama yake kilichounguzwa jikoni ana kisu cha mama yake, na hakuna mhunzi wala mnoaji wa kumnyang'anya hilo. Lakini mkitaka kujua Samonji alikuwa na uwezo gani wa kutia chuma ugumu, upanga ule hautawaambia, maana ugumu uliomo si wake. Swali lenu, Mhariri, linataja kilichofuliwa kwa mkono na linamtaja mhunzi. Mimi najibu hilo la kazi. Anayeuliza la nasaba ana haki ya jibu jingine, mradi tusichanganye mawili haya wakati kisu kinapouzwa.

Kupunguza unene ni jambo ambalo wengi huliogopa bila sababu. Bapa la kisu huwa nene kuelekea mgongo. Kila kinapopelekwa kwenye jiwe, makali hupanda kidogo kwenye sehemu nene, na baada ya miaka kisu kikali kabisa hukwama kwenye karoti na kuipasua badala ya kuikata. Asiyepunguza mbavu za kisu hakihifadhi, anakiacha kife polepole huku chapa ikimetameta. Ndiyo, chapa yenyewe huenda ikafutika katika kazi hiyo. Nimeona watu wakikatalia pale pale, afadhali kisu kisikate kuliko jina lipotee. Kwangu mimi ni kumheshimu mhunzi upande usio wake. Yeye alitaka kikate.

Ila nikubali kwamba palipo na mgawanyo wa kazi kama wa Sakai, unaponoa mbavu upya hadi chini, kazi ya mtu wa pili inaondoka kweli. Yule mnoaji alichagua mteremko, alichagua wapi bapa liwe na mbonyeo kidogo ili chakula kisigande. Kisu kinabaki cha mhunzi, lakini kwa mnoaji kimekuwa kingine. Ndiyo maana anayeuza kisu cha namna hiyo namtaka aseme wazi: kimefuliwa na fulani, kimenolewa upya na mimi. Kusema cha kwanza tu na kunyamazia cha pili ni kumbebesha fulani makosa ambayo si yake, au sifa ambayo si yake.

Umbo jipya halina shida kwa kanuni hiyo hiyo, ila lina hatari moja ambayo wanaojaribu nyumbani huijua wakiwa wamechelewa. Si visu vyote vigumu kuanzia makali hadi mgongo. Vipo ambavyo mhunzi huupaka mgongo udongo kabla ya kukizamisha, ili upoe taratibu na ubaki laini, na ugumu uishie sehemu fulani ya bapa. Vipo ambavyo chuma kigumu kimeungwa kwenye makali tu na sehemu ya juu ni chuma laini. Ukikikata kisu cha namna hiyo hadi kuvuka mpaka ule, una kitu kinachonoleka kwa dakika mbili na kupoteza makali kwenye kitunguu cha kwanza. Mara nyingine mpaka unaonekana, kama wingu jembamba linalokwenda sambamba na makali, hasa bapa likiwa limesuguliwa kwa jiwe laini. Mara nyingine hauonekani kabisa mpaka chuma kipakwe asidi hafifu.

Kwa hiyo msomaji mwenye kisu cha mkono anayetaka kukikata umbo jingine, mhunzi akiwa bado anafanya kazi, amwandikie kwanza. Asimwombe ruhusa, kwa kuwa kisu ni chake ameshakilipia. Amuulize ugumu umeishia wapi kuelekea mgongoni, na alikipasha mara ya mwisho kwa nyuzi ngapi. Akishajua hayo mawili, akate kwa maji, polepole, akigusa bapa kwa kidole kila mara, na kidole kikishindwa kuvumilia joto asimame.