Wadogo zangu waongoza watalii, kazeni silabi inayostahili

Ninyi mnaoanza kuongoza watalii hapa Kigoma, msihangaike kuiga lafudhi ya Uingereza. “Th” yenu ikitoka kama “z”, mgeni ataelewa. Mkazo ukikaa pasipo pake, atakutumbulia macho tu.

Kiswahili kimetudekeza. Karibu kila neno tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu zetu tano hazigeuki: piga, pigana, pigania, “i” ya mwanzo ni ile ile. Kiingereza hakina utulivu huo. Chukueni neno la kila siku kule Gombe: photograph, FO-ta-graf. Likiwa photography, mkazo unahama, fa-TO-gra-fi, na ile “o” ya kwanza, kwa kukosa mkazo, inafifia hadi haieleweki ni “a” au “e”. Likiwa photographic, unahama tena: fo-ta-GRA-fik.

Viambishi ndivyo vinavyoamua. -ic, -ity na -tion huvuta mkazo kwenye silabi inayovitangulia, ndiyo maana conserve, kan-SAV, inazaa kon-sa-VEI-shan. -ness, -ful na -ly kwa kawaida havigusi kitu. Maneno yanayoishia na -ee mara nyingi hukazwa mwisho kabisa: refu-GEE, na kwa wengi chimpan-ZEE. Halafu anatokea committee, anakazwa katikati. Ndiyo Kiingereza hicho, mzoeeni.

Kuna jozi ambazo mkazo haubanduki, irabu ndiyo inayogeuka. Nature ni NEI-cha, lakini natural ni NA-chral. Wild ni waild, wilderness ni WIL-da-nes. Kati ya karne ya 15 na ya 18 irabu ndefu za Kiingereza zilibadilika matamshi. Zile zilizokuwa zimeshafupishwa ndani ya maneno marefu hazikufuata mkondo huo, na tahajia ikabaki ya kale. Kwa hiyo usiliamini jicho.

Kwenye daftari, andikeni ukoo mzima wa neno mstari mmoja, silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa. Mkifungua kamusi, kile kialama kama kistari kilichosimama juu huwekwa kabla ya silabi inayokazwa, si baada yake; wengi hukisoma kinyume. Kisha semeni kwa sauti. Boti ya Kibirizi kwenda Gombe inafaa sana kwa zoezi hili, maana injini inanguruma na hakuna wa kuwacheka.