Rush, hurry, somewhere: ushauri kwa Waswahili wanaoanza Kiingereza Uganda

Ukifika Kampala, au ukipewa kiwanja kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali, Kiingereza unakikuta ofisini, zahanati na kwenye daftari la mtoto. Maneno ya kwenda mbio na ya mahali pasipotajwa utayahitaji mapema sana: unawahi miadi, unakimbiza mtoto kwa daktari, au mtu anauliza unakwenda wapi nawe hupendi kumtajia. Wengi wanaokosea hapa maneno wanayajua. Kinachowaponza ni mazoea ya Kiswahili, kwa hiyo tuanzie huko.

Kiswahili huingiza mwelekeo ndani ya kitenzi. Kimbia hugeuka kimbilia, na “alikimbilia sokoni” imetosha. Kiingereza hakina kigeuzi hicho. Kitenzi hubaki kilivyo, na mwelekeo hubebwa na kineno kinachofuata. “She rushed to the market”: alikimbilia sokoni. “She rushed into the market”: aliingia mbio. “She rushed out of the market”: alitoka mbio. “She ran towards the market”: alikimbia kuelekea sokoni, na kama alifika hatujaambiwa. Tatizo ni kwamba -ni ya “sokoni” humfanya Mswahili aandike “in” kila mahali. Ukiandika “She rushed in the market”, msomaji hamwoni mama akienda sokoni. Anamwona yumo ndani tayari, akifanya mambo yake harakaharaka.

Zoezi linalosaidia kuliko kukariri orodha: chukua kitenzi kimoja, tuseme “rush”, na mahali pamoja, tuseme “the clinic”. Andika sentensi tano ukibadilisha kineno cha katikati tu: to, into, out of, towards, past (kupita mbele yake bila kuingia). Kando ya kila sentensi chora kisanduku na mshale. Mshale usipojua pa kuishia, hujaielewa hiyo sentensi. Rudia kesho yake kwa “run”, kisha “hurry”.

Vitenzi vyenyewe havilingani. “Hurry” ni kuongeza mwendo ili usichelewe. “Rush” ina msukumo mkubwa zaidi, na inaweza kumbeba mtu mwingine: “They rushed the child to hospital”, walimkimbiza mtoto hospitalini. Katika Kiingereza cha Uingereza, ambacho shule za Uganda hukifuata, “to hospital” bila “the” ni kwa anayekwenda kutibiwa; anayepeleka chakula cha mgonjwa amekwenda “to the hospital”. “Dash” ni mbio fupi na ya ghafla, kama kuvuka barabara au kuingia dukani mvua ikianza. Safari ya basi kutoka Mbarara usiiite “dash”. “Hasten” ni ya barua na hotuba, mtaani haisikiki.

Sasa “nina haraka”. Karibu kila mgeni huanza na “I have hurry”. Kiingereza hakimpi mtu haraka aimiliki, kinamweka ndani yake: “I am in a hurry.” “In a rush” pia ni sawa. Na “fanya haraka” si “make hurry”, ni “Hurry up.” Lakini angalieni, hiyo ni ya kumwambia mtoto au rika lako. Kumwambia karani au mzee “Hurry up” ni utovu wa adabu, hata ukitanguliza “please”. Mwambie hali yako: “Excuse me, sir, I am in a hurry. The clinic closes at four.” Sababu ikitajwa, ombi linakuwa la heshima.

Kitenzi kimoja kinastahili jioni nzima ya mazoezi, hasa kwa waliotoka Congo. Kukimbia kwetu ni mbio za miguu na pia ni kuikimbia hatari. Kiingereza kimetenganisha: mbio ni “run”, kukimbia vita ni “flee”, na wakati uliopita “fled”. “We fled the fighting in Rutshuru and crossed at Bunagana” imenyooka, na haihitaji “from” baada ya “fled” kama unachotaja ndicho ulichokikimbia. “I ran the war” haieleweki. Anayeisikia anaweza kudhani ulikuwa ukiisimamia. “I ran away” inaeleweka, ila hutumika sana kwa mtoto aliyetoroka nyumbani au mtu aliyekwepa deni, kwa hiyo hupunguza uzito wa yaliyokupata.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya “flee” na “fly”. Fly, flew, flown ni kuruka kwa ndege. Flee, fled, fled ni kukimbia hatari. Mtu akisema mbele ya afisa “I flew from Goma”, afisa ana haki ya kuandika kwamba alipanda ndege, na maelezo ya safari ya miguu yakifuata yataonekana kupingana. Sema kwa sauti mara nyingi: flee, fled, fly, flew. Kama bado huviamini, usijaribie kwenye mahojiano. Omba mkalimani wa Kiswahili.

Tuje kwenye mahali pasipojulikana. “Somewhere” ni mahali fulani, “everywhere” ni kila mahali, “anywhere” ni popote, “nowhere” ni hakuna mahali. Yote huandikwa neno moja, bila nafasi katikati. Kanuni iliyo muhimu kuliko zote: ukitumia kitenzi cha kwenda, maneno haya hayataki “to”. “I am going somewhere”, “He rushed somewhere”. Yanafuata njia ya home, here na there: hurry home, rush there. “I am going to somewhere” na “She hurried to home” ni makosa yanayosikika hata kwa watu waliosoma miaka mingi. “From” ni sawa: “He came from somewhere in Kasese.”

Sifa huja baada ya neno, kama kwetu. Mahali patulivu ni “somewhere quiet”. Mahali pengine ni “somewhere else”, na mahali pa kukaa ni “somewhere to sit”. Hapo fuata masikio yako ya Kiswahili bila hofu.

Kwenye kukanusha usiyafuate. “Sikwenda popote” kwa Kiingereza ina njia mbili: “I didn't go anywhere”, au “I went nowhere”. Chagua moja. “I didn't go nowhere” inasikika kwenye nyimbo, lakini mwalimu ataikata. Na “anywhere” isipokanushwa ni popote pale upendapo: “Sit anywhere.” Kwa hiyo askari wa getini akikuuliza “Where are you going?” nawe ukajibu “Anywhere”, atasikia kiburi. Mtajie ofisi unayoitafuta. Vivyo hivyo anwani: “I live somewhere in Katwe” inafaa kwenye mazungumzo ya barabarani, ila kwenye fomu andika zoni, parishi na kijiji cha LC1, yaani baraza la mtaa la ngazi ya chini kabisa.

Mtaani Kampala utasikia “Let me first rush somewhere”, na hiyo ni njia ya kiungwana ya kuaga bila kutaja uendako. Asiulizwe mtu “somewhere” ni wapi; kama angetaka kusema angesema. Utasikia pia “I am coming” kutoka kwa mtu anayekupa mgongo, maana yake anarudi sasa hivi, kama “nakuja” yetu. “I am footing” ni natembea kwa miguu, na “sloping” ni kushuka kwenda mahali. Yatumieni kwenye steji ya boda, yatawafanya mjione wenyeji. Kwenye barua ya kuomba kazi andika “walking”, na badala ya “I am coming” andika “I will be back soon”.

Wazazi wenye watoto wanaojiandaa kwa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wajue kwamba kuna maswali yanayompa mtoto maneno mawili yanayokaribiana, kila moja alitungie sentensi inayoonyesha tofauti ya maana. Jozi za r na l huwatesa watoto wetu, kama “rush” na “lash”, kwa sababu masikio hayajazitenganisha. “I rush” ina sarufi timamu lakini haionyeshi maana yoyote. Ukiweka “jump” mahali pake sentensi bado inasimama. Sababu na mahali ndivyo vinavyofunga maana: “The nurse rushed to the ward because a patient was bleeding.” Na kwa “lash”, yaani kufunga kwa kamba: “The driver used a rope to lash the bananas to the bicycle.” Mtoto aandike zake, kisha mzazi afunike neno linalopimwa kwa kidole na amwombe mwenzake alikisie. Akishindwa, sentensi irudiwe.