Ngoma Imetoka, Mpiga Ngoma Hayumo

Juzi kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nimepiga drams miaka minne na hakuna anayenijua. Niziache nihamie gitaa?" Alinikuta wiki mbaya. Wimbo niliopigia drams ulikuwa na siku tatu tangu utoke, na kwenye orodha ya majina alikuwemo hadi mpiga picha wa jalada. Mimi sikuwemo.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, maana bado inanikaa kooni. Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ilikuwa inavuma kila nikiigusa, kama sufuria iliyodondoka sakafuni. Prodyuza alitaka mlio mfupi, mkavu. Tukabandika tepu, wapi. Tukalegeza ngozi, mambo yakazidi kuharibika. Mwisho nikatoa pochi mfukoni, nikailaza juu ya ngozi karibu na ukingo. Pa! Ukapatikana. Pochi iliyojaa ingeua sauti kabisa; yangu, kwa bahati, haikuwa na kitu. Halafu kwenye ubeti wa pili nikanyamazisha mguu, yaani ile ngoma kubwa ya kukanyaga, kipimo kizima kabla ya kiitikio, ikabaki haihati, yale matoazi mawili yanayokutana, peke yake ikinong'ona. Kiitikio kikiingia hapo, watu wanarusha mikono. Mwimbaji anadhani wanairushia sauti yake.

Hata lugha yetu inajua nani mwenye mali. Wimbo ukitoka tunasema "ngoma mpya hiyo". Hatusemi gitaa mpya wala kinanda kipya. Ngoma! Lakini muulize anayeicheza kutwa nzima nani kaipiga.

Nilimtuma yule mdogo wangu akasikilize "Billie Jean" ya Michael Jackson, ya mwaka 1982. Besi haijaingia, sauti haijaingia, ni drams tupu, na tayari umeshaujua wimbo. Aliyepiga ni Leon Chancler, Mmarekani aliyejulikana zaidi kwa jina la Ndugu. Naam, neno letu lilelile. Alifariki 2018, na sisi tunaoitana ndugu asubuhi hadi jioni wengi hatumjui. Msikilize vizuri: mguu, snea, haihati. Hakuna mbwembwe, hakuna kuzungusha vijiti hewani. Kushikilia kitu kimoja bila kuyumba ni kigumu kuliko kujionyesha, na wanaojua hilo ni wale waliowahi kujaribu.

Kuna waliopata mabaya kuliko yangu, nakiri. Clyde Stubblefield alipiga "Funky Drummer" ya James Brown mwaka 1969. Mdundo wake umekatwa na kubandikwa kwenye mamia ya nyimbo za hip hop na pop, lakini kwa kuwa hakuandikwa kama mtunzi, mirabaha ya utunzi ikampita. Gregory Coleman wa kundi la The Winstons, mwaka huohuo, alipiga kipande cha sekunde kama sita hivi katika "Amen, Brother". Sekunde hizo ndizo uti wa mgongo wa jungle, muziki wa dansi wa kasi wa Uingereza. Alifariki 2006 bila kulipwa chochote kwa matumizi hayo. Chanzo ni kimoja: mara nyingi utunzi huhesabiwa kuwa ni maneno na melodia. Aliyeleta mdundo anahesabiwa kibarua, anapewa posho ya siku na kwaheri.

Basi ushauri. Usihamie gitaa. Kabla hujashika vijiti, uliza jina lako litaandikwa wapi, na uulize kwa maandishi. Fanya mazoezi na kliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo, tena polepole, mapigo 60 kwa dakika, maana kasi inaficha makosa na utulivu unayaanika. Ukibuni mdundo uliobeba wimbo, sema siku ileile kwamba umebuni, usingoje ukivuma. Na jina. Nimeshasema jina? Nasema tena.

Nanyi waimbaji, mnapotambulisha bendi jukwaani, msimtaje mpiga drams wa mwisho huku mmeshageuza mgongo. Yeye ndiye aliyewafunika siku mlipoanza ubeti mapema. Mnakumbuka? Sisi tunakumbuka. Mnasema siku hizi kompyuta inapiga drams. Sawa, lakini mashine ya drams ya Linn ya mwaka 1980 ilibeba sauti za drams halisi zilizorekodiwa. Kuna mtu alikaa kwenye kiti akazipiga.

Jana prodyuza alinipigia. Ana kazi nyingine, na mpiga drams mwingine, na anataka snea ilie kama ile. Wamejaribu kila kitu, haiji. Akaniuliza tulifanyaje, maana yeye hakumbuki. Nikamwambia nitakumbuka nikiliona jina langu kwenye ile orodha.

Limeongezwa usiku. Liko chini ya mpiga picha, na herufi moja wamekosea. Bado sijamwambia habari ya pochi.