Nani anachunga kurasa za korona Wikipedia?

Ndugu, umeuliza mtu atauaminije ukurasa wa korona Wikipedia ilhali yeyote anaweza kuuhariri. Si yeyote. Ule wa Kiingereza ulianzishwa Januari 5, 2020, na baadaye kurasa kuu za ugonjwa huu zilifungwa ili akaunti mpya zisiweze kuzihariri. Lakini kinga kubwa ni kanuni ya vyanzo: kwenye mambo ya tiba, utafiti mmoja hautoshi hata ukitangazwa redio zote. Yanatakiwa mapitio ya tafiti nyingi, au miongozo ya taasisi kama WHO. Mabishano ya wahariri kuhusu vyanzo yamehifadhiwa kwenye kurasa za majadiliano, kasome.

Pagumu ni kwenye takwimu. Tanzania iliacha kutoa idadi ya wagonjwa Mei 2020, na kwa zaidi ya mwaka majedwali yakabaki na wagonjwa 509 na vifo 21. Mhariri haruhusiwi kukisia. Anachoweza ni kuweka tarehe ya takwimu ya mwisho kando ya namba na kueleza kwamba utoaji ulisimama. Tarehe isipokuwepo, msomaji atadhani ugonjwa ulikoma, na kwangu hilo ni baya kuliko ukurasa mtupu.

Kwa Kiswahili wahariri ni wachache mno, kwa hiyo ukiona kosa usiishie kulalamika: bonyeza "hariri", sahihisha, taja chanzo. Tangu Oktoba 2020 WHO imeruhusu michoro na video zake za korona zitumike bure kupitia Wikimedia Commons, hifadhi ya picha na video zinazotumiwa na Wikipedia. Unaweza kuanzia hapo.