Akriliki inazama kwenye lubugo: kosa ni la rangi au la kitambaa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nachora picha za mtindo wa Tingatinga hapa Bukoba kwa mwaka wa kumi na moja sasa, kwa rangi ya mafuta ya kopo juu ya kitambaa cha pamba nilichokitanguliza kwa rangi nyeupe ya maji. Mwezi uliopita mteja aliniletea lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, kutoka Masaka, Uganda, akaomba nimchoree twiga na ndege, na kwa kuwa hapendi harufu ya rangi ya mafuta, nikanunua akriliki, rangi inayochanganywa kwa maji, kwa mara ya kwanza. Rangi ilizama, kingo za mistari zikaota nywele, kitambaa kikajikunja, na njano ikawa kama matope. Kosa ni la nini? Na je, naweza kumalizia kazi hiyohiyo kwa rangi yangu ya mafuta?

JIBU: Marahaba. Umebadilisha kitambaa na rangi siku moja, kwa hiyo kila kilichoharibika kina washitakiwa wawili na huna namna ya kumjua mwenye hatia. Kabla ya kuendelea, kata vipande vinne vya lubugo vya ukubwa wa kiganja, viwili uvitangulize kama nitakavyoeleza hapa chini na viwili uviache vitupu, kisha chora mstari uleule na doa lilelile kwa rangi ya mafuta na kwa akriliki katika kila jozi. Ni kazi ya jioni moja, nawe utayaona majibu kwa macho yako kuliko utakavyoyapata kwangu.

Hata hivyo nitakueleza ninachotarajia utakiona. Mtindo wetu ulizaliwa pamoja na uso wake: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia ubao wa hadibodi, ambao ni mgumu, laini na haunywi rangi kwa pupa, pamoja na rangi ya mafuta yenye kung'aa, ambayo hujisawazisha yenyewe kabla ya kukauka na kufuta alama za brashi. Kitambaa chako cha pamba chenye rangi nyeupe kinaiga uso huo, ndiyo maana miaka yote hii mkono wako haukuhitaji kufikiri. Lubugo ni kitu kingine kabisa. Ni gome la ndani la mti wa mutuba, lililobanduliwa, likalainishwa kwa joto na kupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka likatanuka na kuwa kitambaa. Halikufumwa wala halina nyuzi za kukatizana. Lina nyuzinyuzi za mti zilizolala karibu zote upande mmoja, na katikati yake kuna njia nyembamba ambazo maji hupita kama yanavyopanda kwenye utambi. Zile nywele ulizoziona kwenye kingo ni rangi iliyofuata njia hizo. Chunguza utaona zimeota zaidi upande ule nyuzi zinakoelekea, na kwamba mstari uliopigwa sambamba na nyuzi umetoka safi kidogo kuliko uliozikata.

Kujikunja nako kunatokana na hayo. Akriliki ni rangi ya maji, nyuzi za gome huvimba zikilowa na husinyaa zikikauka, na pale ulipopaka twiga zilisinyaa kwa kiasi tofauti na pale ulipoacha patupu. Dawa ni kuilowesha lubugo yote kwa pamoja, mapema, kabla ya picha. Inyunyizie maji pande zote mbili hadi iwe na unyevu bila kuchuruzika, itandaze juu ya ubao uliofunikwa nailoni, inyooshe kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, kisha izuie kingo kwa mkanda wa karatasi na uiache ikauke kivulini. Usiivute kwa nguvu kukatiza nyuzi, kwa sababu upande huo hutanuka kirahisi na huchanika kirahisi zaidi. Ikishakauka, gandisha kitambaa chepesi cha pamba mgongoni kwa midiamu ya akriliki, yaani ule ute usio na rangi unaouzwa pamoja na rangi zenyewe. Wako wanaotumia gundi nyeupe ya mbao kwa sababu ni rahisi, nami niliitumia zamani, lakini hubaki ikiogopa unyevu, na hewa ya Ziwa Victoria unaijua mwenyewe.

Upande wa mbele paka midiamu hiyohiyo, isiyong'aa, mara mbili, kwa tabaka jembamba linalosuguliwa ndani ya nyuzi kwa brashi ngumu, ukiacha la kwanza likauke kabisa. Tabaka hilo hufunga zile njia, na rangi itakayofuata itakaa juu badala ya kuzama. Usipake nyeupe uso mzima kama ulivyozoea kwenye pamba. Mteja aliyetafuta lubugo anautaka ule wekundu wa udongo uonekane, na ukiufunika wote angeweza kununua pamba kwa bei ndogo zaidi.

Hapo ndipo njano yako ilipokwama. Rangi nyingi za njano hupitisha mwanga, na zikiwekwa juu ya kahawia hukopa kahawia. Kwa hiyo chora kwanza umbo zima la twiga kwa nyeupe, ndani ya mipaka yake tu, acha ikauke, kisha weka njano juu. Tarajia pia kwamba akriliki hukauka ikiwa imekolea kidogo kuliko ulivyoiona mbichi, kwa kuwa gundi yake ni nyeupe kama maziwa ikiwa na maji na huwa angavu yakishatoka. Changanya rangi yenye nuru zaidi kidogo kuliko unayoitaka.

Jambo litakalokuudhi kuliko yote ni kasi. Rangi ya mafuta hukupa saa nzima ya kuchanganya anga kutoka chungwa hadi nyeupe. Akriliki kwenye joto letu hukupa dakika chache. Usipambane nayo. Weka rangi zako kwenye sinia juu ya kitambaa kibichi kilichofunikwa karatasi ya kuokea, na mabadiliko ya anga uyafanye kwa tabaka kadhaa nyembamba zilizolegezwa kwa midiamu. Maji yakizidi huiacha rangi bila gundi ya kutosha, nayo hutoka kama chaki ukiisugua kwa kidole. Madoa ya kanga na chui usiyalegeze hata kidogo. Doa la rangi ya mafuta husimama duara kwa kujivuta lenyewe, lakini la akriliki hubaki na kijimkia pale ulipoinua kijiti, kwa hiyo inua wima na utumie njiti yenye kichwa bapa.

Kuhusu kumalizia kwa mafuta: juu ya akriliki iliyokauka siku kadhaa, inawezekana, mradi nyuzi zote ziwe zimefungwa, kwa sababu mafuta yakigusa nyuzi za mmea moja kwa moja huzila taratibu mpaka zinakatika. Kinyume chake hakiwezekani. Niliwahi kuweka akriliki juu ya ubao wa zamani wa rangi ya mafuta bila hata kuupiga msasa, na baada ya miezi michache mnunuzi alinirudishia picha ambayo tumbo la kiboko lilibanduka lote kama ganda la yai. Kwa kazi yako, hata hivyo, nisingeshauri mafuta. Mafuta huzidi kuwa magumu kadiri miaka inavyokwenda, lubugo hulegea na kukunjwa, na tabaka gumu juu ya kitu laini hupasuka. Isitoshe, mteja alishakwambia hapendi harufu yake. Akitaka mng'ao, paka vanishi ya akriliki juu ya wanyama peke yao na uiache lubugo bila mng'ao. Huvutia sana zikiwa hivyo. Akiiviringisha kusafiri nayo, picha iwe upande wa nje, juu ya bomba pana.

Kipande ulichokwisha kukichora hakitasafishika, kwani akriliki iliyoingia kwenye nyuzi haitoki bila kuzing'oa. Mweleze mteja, mlipe lubugo nyingine, na hicho kilichoharibika ndicho ukatie vile vipande vinne. Ukienda kununua, inua kila moja dhidi ya mwanga wa mlango: palipo hafifu kama karatasi patatoboka ukipasugua midiamu, na penye viraka vilivyoshonwa, ambavyo ni vya kawaida kwenye lubugo, mpeleke ndege au kichaka badala ya shingo ya twiga.