Mtu wa huduma ya kwanza asiangalie mpira

Mwenzetu ameuliza kama kuna haja ya kumlipa mtu wa huduma ya kwanza akae pembeni mwa uwanja dakika 90 zote, maana timu yake ya mtaani ina pesa za mipira miwili tu. Mimi nimekaa pale misimu minne hapa Lamu na mkoba wangu wa bendeji na barafu, basi nijibu kwa yaliyonikuta.

Jioni moja ilipigwa kona, mabeki wawili wakagongana vichwa. Mimi, niseme kweli, nilikuwa nimemgeukia muuza kahawa nadai chenji yangu. Niliposikia makelele nikamkimbilia aliyepasuka nyusi, damu jezi nzima, analia huku akimtukana mwenzake. Watu wote walikuwa pale. Wa pili alilala kifudifudi, kimya, mdomo umejaa mchanga. Aliyemwona ni kipa. Nilipofika nikasikia anakoroma, na mkoromo ule si wa usingizi: ulimi umeangukia nyuma, hewa haipiti. Tukamgeuza pamoja, shingo na mwili kwa mara moja, nikamtoa mchanga, nikamwinua taya kwa mbele. Akavuta pumzi. Mzee mmoja alishafika na kijiko amtie kinywani. Nikamwambia, "Niwie radhi babu, hicho kitamvunja meno."

Anayepiga kelele ana pumzi. Mwanzie aliyenyamaza.

Kijana alipozinduka aliniuliza matokeo mara tatu, na mara tatu nikamjibu. Kocha wake akataka arudi uwanjani, ati anasimama vizuri. Nikakataa. Tulinuniana hadi Idi.

Tangu siku ile mpira ukishaondoka, macho yangu hubaki pale ulipotoka. Wala si kugongana tu kunakoangusha mtu: mchezaji Christian Eriksen wa Denmark, tarehe 12 Juni 2021 kule Copenhagen, alianguka dakika ya 43 bila kuguswa na mtu. Mpira wa kurushwa ndio kwanza unamjia. Walimkandamiza kifua, wakamshtua moyo kwa mashine, na baadaye akarudi kucheza. Timu zetu mashine hiyo hazina, kwa hivyo tuna mikono tu: kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkichoka mpokezane. Na mtu akihema kwa kukatakata kama samaki aliyetolewa majini, msiseme anapumua. Anzeni.

Tena hapa kwetu msaada hauji na king'ora. Vichochoro vya mjini gari halipiti; kijana wetu tulimpeleka hospitali juu ya mkokoteni wa kubebea saruji, watu wanne wanausukuma, mimi nimemshika kichwa. Siku hizi kabla ya filimbi namtafuta kwanza mwenye mkokoteni, nikijua amekaa wapi na simu yake ina chaji.

Kwa hivyo ndugu yangu, nunueni mpira mmoja, pesa ya wa pili mpeni huyo mtu. Na muuza kahawa mwekeni ng'ambo ya pili ya uwanja.